MREJESHO: Tangi la maji chumvi Kigoma kwa matumbawe yasiyotegemea mwanga

Wakuu, niliuliza kama maji ya Ziwa Tanganyika yakitiwa chumvi ya mezani yanafaa kwa Tubastraea, yaani matumbawe hayo. Asanteni, nimeelewa: hayafai. Chumvi hiyo haina kalisi na magnesi ya kutosha, na maji ya ziwa yana madini yake tayari. Mpango sasa ni maji ya mashine ya RO (inayochuja karibu madini yote) na chumvi ya akwariamu, gramu 35 kwa lita. Tangi la lita 200 linakula kilo 7 hivi. Joto 25°C.

Taa si tatizo, kazi ni chakula. Matumbawe haya hayana mwani ndani yake wa kuyalisha kwa mwanga, kwa hiyo kila polipu (kila kinywa cha tumbawe) ipewe artemia (kamba wadogo sana) kwa bomba la sindano, mara tatu kwa wiki, pampu ikiwa imezimwa dakika 15. Ukiruka polipu, tishu yake inasinyaa. Ukizidisha, mabaki yanaoza na naitreti, uchafu unaobaki majini, inapanda. Ndiyo maana kichujio cha povu (protein skimmer, kinachotoa uchafu kwa mapovu ya hewa) ni lazima, pamoja na kubadili maji asilimia 15 kila wiki. Dagaa wa chumvi msiyape matumbawe kabisa, jamani!

Matumbawe yataingia amonia na naitraiti, sumu za tangi jipya, zikisoma sifuri kwenye kipimo, si kabla. Umeme ukikatika: pampu ya hewa ya betri.