Fedha za tozo: zijenge maghorofa, au zimkopeshe mwenye ploti?

Mwanzisha mada: Nchini Kenya, Sheria ya Nyumba za Bei Nafuu ya mwaka 2024 inamkata mfanyakazi asilimia 1.5 ya mshahara ghafi, na mwajiri anaongeza kiasi hicho hicho. Fedha za tozo hiyo zinaelekezwa zaidi kwenye maghorofa. Lakini ukitoka Nairobi kuelekea Kitengela, Ruai au Juja, utakuta watu wanajijengea polepole kwenye ploti za futi 50 kwa 100. Je, sehemu ya tozo iwakopeshe hao?

Mkadiriaji: Ndiyo, tena upesi. Kujenga kwa kudonoadonoa kunafilisi. Nondo za nguzo zikiachwa wazi misimu miwili ya mvua zinashika kutu, na saruji iliyowekwa sakafuni inanyonya unyevu ikaganda mfukoni. Mkopo utolewe kwa awamu: msingi, kuta hadi linta (boriti ya juu ya milango na madirisha), kisha paa. Fedha za awamu inayofuata zisitoke kabla mkaguzi hajatia sahihi. Anayekatwa kila mwezi huku angali mpangaji anastahili kuonja jasho lake.

Msimamizi wa mjengo: Mkopo haubadilishi ardhi, ndugu yangu. Kitengela na sehemu nyingi za Embakasi zina ule udongo mweusi unaonata viatuni. Mvua ikinyesha unavimba, kiangazi unanywea, na ukuta unapasuka kimshazari kuanzia pembe za madirisha. Dawa ni kuuchimba wote hadi kwenye maramu (udongo mwekundu wa changarawe) au mwamba, hata ikiwa ni mita moja na nusu, kisha kujaza maramu kwa tabaka za sentimita 15, kila tabaka likishindiliwa. Wengi huchimba futi mbili, wakamwaga mawe juu ya udongo ule ule, wakapiga slabu. Ufa wa namna hiyo hauzibwi kwa plasta: ukiuziba Novemba, Februari uko pale pale.

Na maji taka je? Pasipo na bomba la maji taka, kila mtu anachimba shimo lake, na wengi wanakunywa maji ya visima. Shimo na kisima vinafaa kutengana angalau mita 30. Sasa pima hiyo ploti: ni kama mita 15 kwa 30. Hata ukiweka shimo kona hii na kisima kona ile, jirani wa nyuma keshachimba lake karibu na ukuta wenu. Ghorofa lenye nyumba 100 linaunganishwa kwa bomba moja, basi.

Fundi mkuu: Bomba pekee halifanyi ghorofa kuwa salama. Aprili 2016, pale Huruma, Nairobi, jengo la ghorofa sita kando ya mto liliporomoka likaua makumi ya watu. Na kosa la kila siku mijengoni ni maji kwenye konkriti. Kwa mchanganyiko wa 1:2:4 (saruji, mchanga, kokoto), mfuko wa saruji wa kilo 50 unataka maji lita 25 hadi 28. Watu wa karai wakichoka, wanamwaga ndoo nyingine ili imiminike vizuri. Maji ya ziada yakishakauka yanaacha vitundu ndani ya nguzo, na nguvu imekwisha. Kisha vigogo vya kushikilia mihimili vinang'olewa siku ya 7 kwa kuwa ni vya kukodi, ilhali vinafaa kukaa hadi siku 21. Serikali ikijenga kwa tozo, matokeo ya vipande vya konkriti vya sentimita 15 vilivyovunjwa siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu yake yabandikwe getini, mlipaji asome.

Mkadiriaji: Hoja ya kisima nimeikubali, sikuwa nimeipa uzito. Basi asikopeshwe mtu mmoja mmoja. Wakopeshwe wenye ploti 20 zinazopakana, kwa sharti la kisima kimoja upande wa juu wa mteremko na mfumo mmoja wa maji taka upande wa chini.

Msimamizi wa mjengo: Hapo tunaelewana. Ila mmoja akiuza ploti yake katikati ya deni, anayenunua atalipia kisima au atakataa? Sharti hilo liandikwe kwenye hati ya ardhi kabla shilingi ya kwanza haijatoka.