MJADALA: Sura ya Bela Lugosi ni mali ya nani, watoto wake au studio?

Mleta mada

Wakuu, salaam. Naleta kesi iliyofungwa mahakamani tangu 1979, lakini mimi hadi leo haijaniingia akilini.

Bela Lugosi, yule Mhangari aliyemwigiza mnyonya damu Dracula katika filamu ya studio ya Universal ya 1931, alilipwa dola 500 kwa wiki kwa wiki saba. Piga hesabu, dola 3,500. Mwaka uliofuata akafilisika. Alifariki 16 Agosti 1956 bila mali ya kutaja, akazikwa na joho la Dracula mwilini. Kuanzia 1960 studio ikawa inauza leseni kwa viwanda vya bidhaa, na sura yake ikatapakaa madukani: vichongeo vya penseli, fulana, karata, sabuni, barakoa, tiara za watoto, mikanda na bizimu zake, hadi vijiti vya kukorogea vinywaji. Mjane wake Hope na mwanawe, Bela mdogo, ambaye ni mwanasheria, wakaipeleka studio kortini. Mwaka 1972 mahakama ya chini ikawapa ushindi. Rufaa ikawanyang'anya, na Desemba 1979 Mahakama ya Juu ya California ikapigilia msumari: haki ya mtu kuuza sura yake hufa pamoja naye kama hakuifanyia biashara alipokuwa hai.

Msimamo wangu uko wazi: waliporwa. Mkataba wa 1930 uliipa studio ruhusa ya kutumia jina na sura yake katika kuitangaza na kuiuza filamu ile. Filamu ile, wakuu. Bango la ukumbini ni tangazo la filamu, sina ugomvi nalo. Kichongeo cha penseli kinatangaza filamu gani?

Karibuni tuchambue.

Wakili Baridi

Mleta mada umeandika vizuri, lakini umeanzia kwenye huruma, na huruma haijengi sheria. Tuanze na swali gumu: Lugosi alikuwa na nini cha kurithisha?

Dracula si wake. Ni wa riwaya ya Bram Stoker ya 1897, ambayo Marekani haikuwa na ulinzi wa hakimiliki. Lile joho lenye kola ndefu inayosimama nyuma ya kichwa nalo si lake. Lilitoka jukwaani Uingereza, kwenye tamthilia ya Hamilton Deane, na kazi yake ilikuwa ya kiufundi tu: mwigizaji akiwapa watazamaji mgongo, kola inaficha kichwa, yeye anateleza chini kupitia mlango wa sakafuni, watu wanabaki wanatazama joho tupu. Macho yale yanayong'aa kwenye filamu ni kazi ya mpiga picha Karl Freund na vitaa vyake vyembamba. Ukivitoa hivyo vyote, kinachobaki ni mwigizaji aliyelipwa kwa kazi aliyokubali.

Jaji Mosk wa Mahakama hiyo ya Juu alisema hivyo hivyo, tena kwa kejeli, kwamba Lugosi amefufuka kaburini kuja kumsumbua mwajiri wake wa zamani. Akaeleza kwamba alikuwa mwigizaji mwenye kipaji, lakini hakuwa mtunzi wala mbunifu wa mhusika yule. Kama kila anayevaa joho anaacha urithi, basi Lon Chaney Jr., John Carradine na Christopher Lee, waliomwigiza Dracula baadaye, nao watoto wao wapange foleni.

Binti Tiketi

Wakili, hapo kwenye foleni umejifunga goli mwenyewe.

Chaney alimwigiza Dracula kwa Universal mwaka 1943. Carradine akafuata 1944 na 1945, studio ile ile. Lugosi mwenyewe alimrudia mara moja tu katika filamu ndefu, mwaka 1948, ile ya vichekesho na Abbott na Costello. Kwa hiyo studio ilikuwa na nyuso tatu kabatini. Ilipofika wakati wa kutengeneza midoli na barakoa, ilichukua uso gani? Wa Lugosi. Haikuhitaji kuuchukua. Ingeweza kuchora mnyonya damu yeyote mwenye meno marefu na watoto wangenunua. Tena kwa taarifa yenu, Lugosi kwenye filamu ya 1931 haonyeshi meno hata mara moja. Kinachotisha ni mwendo, yale maneno anayoyatoa polepole kama anayaonja kwanza, na namna anavyokutazama bila kupepesa. Hayo hayakuwa kwenye kola ya Deane.

Na kabla ya filamu alikuwa ameshamwigiza Dracula jukwaani Broadway, New York, kuanzia Oktoba 1927. Studio haikumfundisha Dracula, ilimkuta naye.

Mzee wa Mabango

Nimechelewa, lakini mada imenigusa pabaya. Nyote mnaongea kana kwamba pesa iko kwenye vichongeo. Pesa kubwa iko kwenye karatasi, na huko si studio wala warithi wanaoifaidi.

Novemba 2017 bango moja la Dracula ya 1931 liliuzwa mnadani Dallas kwa dola 525,800. Wakati ule hakuna bango la filamu lililokuwa limefika bei hiyo mnadani. Ni karatasi ya inchi 27 kwa 41, haizidi meza ndogo ya chakula. Mwaka 2009 jingine la filamu hiyo hiyo, lililokuwa la mwigizaji Nicolas Cage, lilikwenda kwa dola 310,700. Linganisheni na zile 3,500 za mleta mada. Najua dola ya 1930 si dola ya leo, lakini hata ukiikuza namna gani haifiki huko.

Kwa nini bei hiyo? Kwa sababu mabango hayakutengenezwa yadumu. Yalichapwa kwa mawe ya litografia, yakakunjwa, yakatumwa kwa posta kwenye majumba ya sinema, yakabandikwa wiki moja, kisha yakarudishwa, au likabandikwa la filamu nyingine juu yake, au yakatupwa. Vita ya Pili ya Dunia ilipokuja, karatasi kuukuu zikakusanywa kwa tani kusaidia jeshi. Yaliyosalia yanahesabika kwa vidole. Ukilishika la enzi hizo unaiona mikunjo yake kama msalaba, na rangi imechubuka pale pale kwenye mkunjo. Siku hizi wataalamu hulibandika kwenye kitambaa cha kitani ili lisiendelee kupasuka. Na ninyi mnaotaka kununua: bango lililokunjwa si bovu, ndivyo yalivyosafiri. Lisilo na mkunjo hata mmoja, na linauzwa rahisi, ndilo la kuogopa. Nakala za kisasa ni nyingi mno.

Sasa swali langu kwa mleta mada. Aliyelipa nusu milioni amenunua nini? Uso wa Lugosi au karatasi? Kama ni uso, mbona familia haipati hata senti? Kama ni karatasi, mbona mabango ya filamu nyingine za mwaka ule ule, zisizo na Lugosi wala Karloff (yule wa zimwi la Frankenstein), yanauzwa kwa bei ya kawaida?

Mleta mada

Mzee, swali zuri, na sitalikimbia. Bango la asili ni kitu kimoja kilichouzwa, kikanunuliwa, kikabadilisha mikono. Mwenye nacho anauza chake, kama mtu anavyouza kiti cha babu yake. Sidai familia ipewe fungu la mnada. Ninachokataa ni kuchapa upya: kuuchukua uso ule na kuutia kwenye bidhaa mpya elfu kumi, halafu useme ni matangazo ya filamu iliyoondoka ukumbini miaka thelathini iliyopita.

Binti Tiketi, ahsante. Hoja ya nyuso tatu ndiyo iliyowapa ushindi mwaka 1972. Hakimu aliona kwamba studio ilitoa leseni kwa sura ya Lugosi hasa.

Mpita Njia

Sijui sheria, ila naona kitu kimoja mmekiruka. Mwaka 1956 alipokufa nani alikuwa anamtaka Lugosi? Alikuwa anaigiza kwenye filamu za bei ya chini za Ed Wood. Mwaka 1955 alijipeleka mwenyewe hospitali ya serikali kutibiwa uraibu wa dawa za maumivu. Sura yake sokoni ilikuwa na thamani gani?

Halafu Oktoba 1957 filamu za zamani za kutisha za Universal zikauzwa kwa vituo vya televisheni kwa mafungu, zikaonyeshwa usiku, watoto wa Marekani wakapagawa. Mwaka 1958 likatoka jarida la mashabiki, Famous Monsters of Filmland. Kampuni ya Aurora ikatoa mdoli wa plastiki wa kuunganisha wa Frankenstein mwaka 1961, na wa Dracula mwaka 1962. Lugosi aliyeuza fulana ni huyo wa televisheni, na aliyemrudisha ni studio na vituo. Marehemu hakuchangia hata kidogo.

Binti Tiketi

Mpita Njia, televisheni ilionyesha nini basi? Si ni yeye? Filamu zilikuwa nyingi kwenye fungu lile, na si kila aliyeonekana humo alifanyiwa mdoli.

Wakili Baridi

Nirudi kwenye sheria, maana mnaanza kupendana.

Majaji walio wengi hawakusema Lugosi hakuwa na haki. Walisema alikuwa nayo, alipokuwa hai. Angeweza kufungua duka la fulana zenye sura yake, na biashara hiyo ingerithiwa kama biashara nyingine yoyote. Hakufanya. Na hoja yao ya pili ndiyo inayoniumiza kichwa: haki hiyo ikirithiwa, mwisho wake uko wapi? Vitukuu wa Lugosi? Vitukuu wa kila mtu aliyewahi kuwa maarufu? Nitataka kuchora katuni ya mtu aliyekufa miaka mia iliyopita nianze kutafuta ukoo wake niombe ruhusa?

Mleta mada

Wakili, hoja ya duka la fulana ndiyo inayonichefua kuliko zote. Unamwambia mtu aliyekuwa akihangaika kupata kazi yoyote, hata ya kuigiza daktari mwendawazimu, kwamba kosa lake ni kutofungua kiwanda. Kwa kipimo hicho tajiri pekee ndiye anayerithisha uso. Na msisahau alikuwa mtu anayejua haki za kazi. Hungary aliikimbia mwaka 1919 kwa sababu ya harakati za chama cha waigizaji, na Hollywood alikuwa miongoni mwa wanachama wa mwanzo kabisa wa chama cha waigizaji wa filamu, kilichoanzishwa 1933. Kama angejua kwamba siku moja kutakuwa na sabuni zenye uso wake, nadhani angedai kifungu.

Kuhusu mwisho uko wapi, jibu lilikuwa humo humo kwenye hukumu. Majaji watatu walipinga, wakiongozwa na Jaji Mkuu Rose Bird, naye akapendekeza miaka 50 baada ya kifo, kama hakimiliki ilivyokuwa. Wabunge wa California wakalipokea. Sheria ya 1984 ikatoa miaka 50, na mwaka 1999 ikaongezwa kuwa 70. Tena inagusa hata waliokufa kabla haijatungwa. Familia ilishindwa kesi, ikaja kupewa haki na bunge.

Mzee wa Mabango

Kwa hiyo 1956 jumlisha 70 ni 2026. Kumbe mwisho wa haki ya vichongeo hivyo ni mwaka huo!

Ila mleta mada, ukweli ni kwamba sheria hiyo haikuwafaidi waigizaji wadogo. Iliwafaidi wale ambao uso wao tayari unauzika, na mara nyingi anayekula si mtoto ni kampuni iliyonunua haki kutoka kwa mtoto. Hata kwetu msanii akifariki, fulana zenye picha yake zinauzwa stendi kabla ya arobaini, na mjane anaziona akipita. Sheria ya miaka 70 ingemsaidia mjane yule? Ataanza na wakili gani?

Ninachowapongeza akina Lugosi ni kimoja. Joho jingine, lile lililobaki kwa familia, walijaribu kulipiga mnada mwaka 2011 halikupata mnunuzi. Mwaka 2019 wakaamua kulitoa kwa jumba la makumbusho la Academy, wale watoaji wa tuzo za Oscar, huko Los Angeles. Hapo hakuna anayebishana ni la nani.

Wakili Baridi

Mzee, hoja ya mjane sina jibu lake. Nakubali kwa hilo tu: kama haki ipo, basi iwe ya mke na watoto wenyewe, isiuzwe kwa kampuni, na iishe watoto wakiisha. Miaka 70 ni mingi. Kwenye kola ya joho sibadili msimamo.

Mleta mada

Baki na kola yako, Wakili. Mimi miaka 70 siitetei, 50 ya Bird inanitosha, na ningeongeza sharti moja: anayetaka kuchapa sura ya marehemu aonyeshe mkataba unaoitaja bidhaa hiyo kwa jina. Mkataba ukisema filamu, iwe filamu. Wenye hoja ya kupinga sharti hilo waje, uwanja uko wazi.