Opareshoni ya uvimbe wa kizazi: vidonge, sindano au mpira, kipi kinapunguza damu?

BintiShela: Assalam aleikum jamani. Dadangu ana uvimbe kwenye kizazi, atapasuliwa Malindi mwezi ujao autolewe ila kizazi kibaki, bado ataka kuzaa. Hofu yangu ni damu, hedhi zenyewe zishammaliza na ndugu wa kumchangia wote wako huku Lamu, mpaka wavuke kwa boti hadi Mokowe ndo washike barabara. Daktari kataja vidonge vya misoprosto, sindano ya vasopresini na kufunga mpira. Tuombe kipi?

NesiMstaafu: Waaleikum salaam mwanangu. Nimekaa thieta miaka mingi. Misoprosto huwekwa ukeni au njia ya nyuma kama saa moja kabla, kizazi kinajikaza mishipa inabanwa, ni rahisi bei, ubaya wake ni kutetemeka na homa ambayo hupita. Vasopresini hudungwa kwenye nyama ya kizazi pale pale penye uvimbe, damu inakata nimeona kwa macho yangu, lakini ikiingia kwenye mshipa moyo waweza kuyumba kwa hiyo mtu wa usingizi lazima aambiwe kabla haijadungwa. Mpira hufungwa chini ya kizazi kubana mishipa mikubwa, na uvimbe ukiwa mkubwa au mwingi mimi huo ndo nauamini zaidi. Tena si lazima kimoja, madaktari huchanganya.

BabaSwabra: Dada, mke wangu alidungwa sindano za kila mwezi, miezi 3 kabla. Hedhi ikakata, uvimbe ukanywea, damu ikapanda. Ila bei ilituumiza na usiku joto halimwachi alale, afu daktari akasema uvimbe ulimsumbua kuubandua maana ulishikana na nyama.

UmuKulthum_Mld: Mimi niliwekewa dawa ya traneksamiki gramu 1 kwenye mshipa kabla ya kukatwa, sikuongezwa damu hata chupa moja alhamdulillah.

NesiMstaafu: Nayo nzuri, yazuia damu iliyoganda isiyeyuke. Lakini aliyewahi kugandiwa damu mguuni au mapafuni aseme mapema. Sasa Binti, mbona hujasema kipimo cha wingi wa damu yake, himoglobini, ni ngapi?

BintiShela: 8.1

NesiMstaafu: Basi anzeni hapo! Mwanamke chini ya 12 ana upungufu, huyo akipoteza kidogo tu ataongezwa damu hata mpira ufungwe vipi. Uvimbe si dharura, muombe daktari asogeze tarehe, anywe vidonge vya chuma, vikimshinda kuna ya kuwekwa kwenye mshipa. Na asinywe na chai, chai yazuia chuma kuingia mwilini.

BintiShela: Ya Rabbi, nimempigia sasa hivi, ana vidonge tangu mwezi uliopita na kila asubuhi anavimeza na chai ya maziwa! Kesho asubuhi tunaenda kuomba tarehe isogezwe, na kaka zangu wawili washakubali kuvuka wachangie damu wakiitwa.

UmuKulthum_Mld: Wakifika Malindi waje kwangu, malazi yapo.