Mdogo wangu amekula mtaji wa mjomba kwa kubeti, nimlipie?

Dada_wa_Busia: Habari zenu wapendwa. Niko Busia upande wa Uganda. Mdogo wangu ana miaka 22, anabadilisha pesa hapa mpakani kwa mtaji wa mjomba wetu. Mtaji unapungua na kila wiki ana sababu mpya: mara kaibiwa, mara kapewa noti bandia. Juzi nikaona simu yake, ujumbe wa mobile money umejaa malipo ya kubeti, mengine ya saa nane za usiku. Amelia, ameapa kuacha, ananiomba shilingi 600,000 azirudishe kabla mjomba hajahesabu. Mama anataka nitoe, tusiaibike. Ninazo, lakini ni karo ya wanangu. Na nitajuaje kama huu ni ugonjwa au ni ujana tu?

MzeeWaTororo: Mwanangu, usitoe. Mnyang'anyeni simu, apelekwe kijijini akalime.

Nesi_Mashariki: Shikamoo mzee. Simu ataazima kwa rafiki. Dada, pole sana. Ninahudumia wagonjwa wa akili, na huwa naanza na maswali mawili: anahisi lazima aweke pesa nyingi zaidi na zaidi? Amewadanganya watu wake kuhusu kiasi anachocheza? Ndiyo moja inatosha kumtafutia uchunguzi, na la pili umeshalijibu mwenyewe. Madaktari wa akili wa Marekani waliuweka uraibu huu kundi moja na wa pombe mwaka 2013. Wana dalili 9, na mtu mwenye 4 ndani ya miezi 12 anahesabiwa mgonjwa.

Dalili ninayoiogopa zaidi ni kufukuzia hasara. Saa nane za usiku mtu hatafuti raha tena, anatafuta kurudisha. Mkeka, yaani tiketi ya kubeti, ukichanika kwa timu moja anaamini alikaribia, kumbe mechi ya kesho haijui lolote kuhusu ya jana. Imani hiyo ndiyo mshauri huifanyia kazi naye, pamoja na kujua ni saa zipi na hali zipi zinazomsukuma. Hospitali ya rufaa ya Mbale ina kitengo cha afya ya akili. Kampala kuna hospitali ya akili ya Butabika, na wao wamezoea uraibu.

MamaSwabra: Kuhusu deni, nisikilize dada yangu. Shemeji yangu tulimlipia. Pesa zikaingia kwenye simu yake asubuhi, jioni hazipo. Usimpe mkononi hata senti. Mkalishe na mjomba, aseme yote mwenyewe, wewe ukiwa pembeni yake. Alipe kidogo kidogo kutoka kibaruani, lakini si kazi ya kushika mtaji wa mtu! Laini yake ya mobile money akubali ikae kwako kwa muda, na uangalie mikopo ya simu, maana hiyo ndiyo mlango wa nyuma. Chakula na upendo usimnyime.

Wakili_Mtaani: Sheria ya bahati nasibu na michezo ya kubahatisha ya 2016 inakataza aliye chini ya miaka 25 kubeti. Kwa hiyo akaunti yake ina umri wa uongo au ni ya mtu mwingine. Iandikieni kampuni iifunge, mtunze nakala. Wakikaa kimya, bodi ya taifa inayosimamia michezo hiyo ipo, pelekeni malalamiko.

Dada_wa_Busia: Asanteni. Mjomba ameambiwa, amekasirika lakini hajamfukuza. Kinachonitisha, usiku amesema afadhali afe kuliko aibu hii. Ni maneno ya hasira tu?

Nesi_Mashariki: Dada, usiyachukulie hivyo. Muulize waziwazi: unafikiria kujiua? Umepanga vipi? Kuuliza hakumtii wazo kichwani, kunamfungulia mlango wa kusema. Asiachwe peke yake hata chooni asikawie. Dawa za kuulia wadudu na za panya zitoeni nyumbani sasa hivi. Msingoje Mbale, mpelekeni leo hospitali iliyo karibu, wao watampa rufaa.

Dada_wa_Busia: Amekubali kwenda. Mjomba analeta gari.

Nesi_Mashariki: Alhamdulillah. Mkifika semeni kubeti na semeni alichotamka usiku. Wengi wakiona foleni na majirani husema kichwa kinauma, wanapewa panadol na kurudishwa nyumbani. Chukueni na simu yake, ujumbe ule wa malipo utamsaidia daktari.