Mnaowasha taa kwenye chumba cha giza cha maabara, mnatuharibia kazi na mnatesa panya bure!

Wakuu, nawasalimu. Nimenyamaza muda mrefu kwa heshima ya watu, ila sasa imenifika shingoni.

Mimi ni fundi sanifu maabara kwenye chuo kimoja, jina naliacha. Naandaa panya na mashine kwa ajili ya kipimo cha ERG, kile kinachosoma umeme wa retina, yaani utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga, jicho likimulikwa. Wenzangu wengi wanadhani kipimo ni zile dakika za kukaa kwenye kompyuta. Kipimo kinaanza jana yake jioni! Panya wanalala giza totoro usiku kucha ili seli zinazoona gizani zirudishe nguvu zake zote. Asubuhi nawashika kwa taa nyekundu hafifu tu, maana seli hizo hunasa zaidi mwanga wa nanomita kama 500, yaani wa kijani-buluu, na wekundu zinauona kwa shida.

Halafu mtu anakuja asubuhi, anafungua mlango, anawasha taa ya darini, anatafuta boksi la glavu. Mlangoni pamebandikwa USIFUNGUE. Ukimuuliza: "Si sekunde moja tu, ndugu yangu?" Mwingine anaingia na simu inawaka. Hapo wanyama wote wanarudishwa gizani tuanze upya, na ratiba ya siku imekufa.

Vifaa navyo ni vita nyingine. Elektrodi ya konea, ile inayogusa kioo cha mbele cha jicho na kunasa umeme wake, ni kitanzi cha waya wa dhahabu, chembamba kuliko unavyofikiria. Inatakiwa ioshwe kwa maji safi mara tu baada ya kazi. Mimi naikuta imetupwa kwenye trei, jeli imeikaukia, kitanzi kimepinda. Ukiiweka hivyo kwenye jicho, ama inakwaruza konea ama haigusi vizuri, na mawimbi yanatoka ovyo. Juu ya hapo mtu kachomeka friji kwenye soketi ya mashine, mlio wa hezi 50 wa umeme wa ukutani umejaa kwenye grafu yote.

Kinachoniuma zaidi ni pedi ya joto. Panya akishapigwa nusu kaputi ya ketamini na zailazini hawezi kujipasha joto. Mwili ule mdogo unapoa upesi sana, kwa hiyo tunamshikilia kwenye nyuzi 37 mpaka azinduke. Macho yanabaki wazi, hapepesi, lazima umdondoshee matone yasikauke. Kuna watu wanachomoa ile pedi wakafanyie kazi zao! Nimeona kwa macho yangu lenzi ya panya ikigeuka nyeupe kama maziwa, mtoto wa jicho wa muda unaoletwa na baridi na dawa yenyewe ya nusu kaputi. Akipata joto na kuzinduka lenzi inasafika, lakini kipimo cha siku hiyo hakifai: mwanga haufiki vizuri kwenye retina, na retina iliyopoa nayo inajibu kinyonge.

Kwenye kikao sasa, wimbi b, lile kubwa la kwenye grafu linaloonyesha retina inavyojibu mwanga, limeshuka, na mkubwa anauliza kama dawa tunayoifanyia utafiti inapofusha panya. Dawa inasingiziwa! Nikieleza chanzo, jibu ni "rudia tu". Kurudia maana yake ni mnyama yule yule kupigwa tena sindano na nusu kaputi, na kila nusu kaputi ina hatari ya kifo. Kibali cha maadili tulichopewa kinatutaka tupunguze mateso. Nani anakikumbuka akiwa anatafuta glavu?

Hata kwenye kuagiza wanyama hatuulizwi. Panya wa ukoo wa C3H wengi wao hubeba kasoro ya kurithi iitwayo rd1, retina inakufa wakiwa na wiki chache tu. Umpime nini huyo?

Nataka mambo matatu, na nimeshayaandika kwa barua: chumba cha giza kiwe na kufuli, pedi ya joto isitoke chumbani, na anayetumia elektrodi aisaini baada ya kuiosha. Barua haijajibiwa. Walio kwenye maabara za wanyama, kwenu mliwabana vipi watu wa namna hii? Na kamati ya maadili inapokea malalamiko ya fundi moja kwa moja, au lazima yapitie kwa mkubwa yule yule anayesema "rudia tu"?