Kozi za unasihi zinazotutupa kwa wateja bila msimamizi, nimechoka nasema wazi

Wakuu habari zenu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka apite tu, ila kama unafikiria kusomea unasihi au una mdogo wako yuko huko naomba usome mpaka chini.

Iko hivi. Chuo ninachosoma (sitakitaja, msije PM kuniuliza) wakati wa kutuandikisha walituambia kila mwanafunzi atapewa msimamizi kabla hajakutana na mteja wake wa kwanza, kwamba kila wiki mtakaa mnapitia kesi zako, kwamba hakuna atakayeachwa peke yake. Tumefika fildi msimamizi ni mmoja kwa kundi zima, ana kazi zake nyingine, simu hapokei, meseji unaona kabisa kasoma halafu kimya. Sehemu yenyewe ya fildi tulijitafutia, huko ukaoneshwa chumba na viti viwili, haya kazi ianze.

Sasa niambieni, mtu anakuja anakaa mbele yako na hata nusu saa haijaisha anakwambia amechoka kuishi. Sitaeleza zaidi maana habari zake ni zake, lakini hilo limenikuta na wenzangu darasani pia limewakuta. Nilimuuliza waziwazi kama anafikiria kujiua na kama ameshapanga namna, kwa sababu kumuuliza mtu hivyo hakumpandikizii wazo kama wengi wanavyoamini, kunampa nafasi ya kulisema. Tukakubaliana nani atakaa naye na tukamwita huyo mtu palepale, nikahakikisha wamefika kwa daktari siku hiyohiyo. Mpaka hapo sawa. Ila usiku ule usingizi sikuupata, nilihitaji mtu mzoefu tupitie kikao kile neno kwa neno, aniambie kipi nimekigusa kipi nimekiruka, nikionana naye tena nianzie wapi. Napiga simu haipokelewi. Kesho yake jioni ndo linakuja jibu: "Tumia ulichofundishwa darasani." Basi. Hakuuliza hata kama mteja yuko salama!!

Ulichofundishwa darasani! Darasani tumefundishwa slaidi. Tumekariri makala ya mwaka 1957 ya Carl Rogers, yule mwanasaikolojia wa Marekani, mshauri awe mkweli asiigize, amkubali mteja bila masharti, aelewe anachohisi mteja kama vile yuko ndani yake, mtihani ukaja tukayaandika tukapewa alama. Lakini kukaa kimya na mtu anayelia, dakika zinapita, bila kukimbilia "usijali yataisha", hilo hulipati kwenye slaidi, unalipata kuna mtu anakutazama ukifanya halafu anakurudisha pale ulipoyumba. Na huyohuyo Rogers miaka ya mwanzo ya 1940 alikuwa anarekodi vikao vizima kwenye santuri, vifaa vya enzi zile unajua vilivyokuwa, ili yeye na wanafunzi wake wasikilize mshauri alisema nini na mteja alijibuje. Sisi kila mmoja ana simu ya kurekodi mfukoni na hakuna hata kikao kimoja cha mwanafunzi ambacho mkufunzi ameomba kukisikiliza, iwe kwa ruhusa ya mteja au vyovyote. Hata yale mazoezi ya watatu watatu, mmoja mshauri mmoja mteja mmoja mtazamaji, tulifanya wenyewe mkufunzi yuko nje anaongea na simu.

Na asije mtu hapa kuniambia usimamizi ni mambo ya vyuo vikubwa vyenye hela. Berlin huko miaka ya 1920 wafuasi wa Freud, yule mwanzilishi wa tiba ya kumchambua mtu nafsi kwa mazungumzo, walishaweka utaratibu kwamba mwanafunzi asome nadharia, yeye mwenyewe apitie tiba, na kesi zake za mwanzo zisimamiwe. Karne nzima imepita. Marekani vyuo vinavyotambuliwa na CACREP, chombo kinachoidhinisha kozi za unasihi, vinamtaka mwanafunzi aanze na saa 100 za mazoezi, 40 kati ya hizo ana kwa ana na wateja, halafu fildi ya saa 600 ambapo 240 ni za wateja, na muda wote huo anakutana na msimamizi kwa wastani wa saa moja kila wiki, mbali na usimamizi wa kikundi. Uingereza BACP, chama cha wanasihi cha huko, nao kozi wanazozikubali lazima ziwe na angalau saa 100 za wateja chini ya usimamizi. Hizo saa hazikuwekwa kumkomoa mtu, zimewekwa kwa sababu bila hizo unampa mtu leseni ya udereva kwa kuwa amechora gari vizuri kwenye daftari.

Kuna mwenzetu alikuwa ametoka kufiwa, mteja wake wa kwanza akawa mtu aliyefiwa. Hivi hapo msimamizi angekuwepo si angeliona hilo mapema? Dada wa watu kalia chooni baada ya kikao, kaosha uso, kaingia kumpokea anayefuata. Na yule mteja naye mnadhani alipata nini siku ile? Yeye ndiye anayeniuma zaidi maana hajui chochote, anajua amekuja kwa mnasihi.

Sasa kilichonifanya nifungue uzi leo. Mwisho wa fildi tumeletewa fomu za saa za usimamizi tujaze WENYEWE, tarehe, muda, mada mliyojadili, halafu tupeleke zikasainiwe. Saa hewa. Vikao ambavyo havikuwahi kufanyika. Mimi nimegoma. Nimejaza zile chache tulizokaa kweli, kwingine nimeacha wazi, fomu imerudishwa haijasainiwa na matokeo yangu yameshikiliwa, naambiwa nina kiburi na nawachelewesha wenzangu. Yaani chuo kinachonifundisha maadili ya kazi, siri ya mteja na lini unaruhusiwa kuivunja, ndicho kinaniambia nidanganye kwenye karatasi ya kwanza kabisa ya kazi hiyo. Na wenzangu waliosaini siwalaumu, wamekaa miaka wanasubiri cheti, anayewawekea hiyo fomu mezani ndiye wa kulaumiwa.

Nyie mnaotaka kujiunga, kabla hujalipa ada waulize jina la atakayekusimamia, ana wanafunzi wangapi, mnakutana lini, na mteja akiwa kwenye hatari usiku unampigia nani. Ongea na waliomaliza, sio wale wa kwenye bango. Wakikujibu "hayo mtapangiwa mbele ya safari" ondoka.

Mimi naendelea, hii kazi naipenda na siiachi. Ninachotaka ni msimamizi wa kweli nizimalizie saa zangu hata kama ni miezi mingine, niko tayari. Kama yupo hapa aliyewahi kugomea fomu za namna hii na bado akamaliza kozi, aje aseme malalamiko aliyapeleka wapi, chuoni kwenyewe au kwenye bodi, na aliambatanisha nini. Meseji zote ninazo, barua nimeshaanza kuiandika.