Tupeane uzoefu: mtoto mwenye upungufu wa kotisoli anapougua, nyumbani mnafanyaje?

MamaPacha

Wadau, habari za leo. Naomba uzi huu tuubane kwenye jambo moja: mtoto ambaye tezi zake za adrenali hazitoi kotisoli ya kutosha, siku akishikwa na homa, akiharisha au akivunjika mkono. Dozi za kila siku wengi wetu tumeshazizoea. Kinachowafikisha watoto hawa chumba cha mahututi ni ugonjwa wa kawaida kabisa ambao dawa haikuongezwa mapema.

Kwa wageni: tezi za adrenali ni mbili, kila moja imekaa juu ya figo. Zinatoa kotisoli, ambayo inashikilia sukari na presha mwili unapoelemewa, na aldosteroni, inayozuia chumvi isiishie kwenye mkojo. Mtoto mwingine akipata homa, mwili wake unapandisha kotisoli wenyewe. Wetu hawezi. Kiasi kilichomtosha jana akicheza hakimtoshi leo akiwa na nyuzi 39.

Kanuni inayotumika sana ni hii: joto likivuka 38, haidrokotisoni (dawa inayochukua nafasi ya kotisoli) inakuwa mara mbili, likivuka 39, mara tatu. Igawanywe mara 3 au 4 kwa siku, na ya usiku isirukwe, hata kama itabidi kumwamsha. Homa ikiisha na akawa sawa kwa saa 24, anarudi dozi yake ya kawaida moja kwa moja; kushusha polepole hakuhitajiki kama nyongeza ilikuwa ya siku chache tu. Fludrokotisoni (dawa inayofanya kazi ya aldosteroni) haiguswi. Mafua madogo bila homa, mitihani, mazoezi ya kawaida: hakuna nyongeza. Kila mtoto awe na mpango wake ulioandikwa na daktari anayemfuatilia, na pale unapotofautiana na haya, fuateni mpango wake.

Karibuni, leteni mnayoyajua kwa vitendo.

Nesi_wa_Zamu

Asante mleta mada. Mimi niongelee kutapika, maana hapo ndipo muda unapopotea. Akitapika ndani ya dakika 30 baada ya kumeza, mrudishie dozi ileile. Akiitapika na hiyo, msijaribu ya tatu. Sindano, kisha hospitali. Kuharisha kwingi kunahesabiwa hivyohivyo hata kama hatapiki, kwa sababu kidonge kinapita bila kufyonzwa.

Sindano ya dharura ni haidrokotisoni ya unga, kichupa cha mg 100. Chini ya miaka 3 anapata mg 25, miaka 3 hadi kabla ya 12 anapata mg 50, na kuanzia miaka 12 anapata mg 100. Ukichanganya unga wote na ml 2 za maji ya sindano, basi ml 0.5 ni mg 25, ml 1 ni mg 50, na ml 2 zote ni mg 100. Andikeni ml za mtoto wenu kwa kalamu ya wino mzito juu ya boksi, kwa sababu usiku mtoto akiwa amelegea hakuna anayepiga hesabu vizuri. Zungusha kichupa taratibu mpaka maji yawe angavu, vuta, toa hewa, choma upande wa nje wa paja, katikati kati ya nyonga na goti, sindano ikiingia wima. Ikibidi pitisheni juu ya nguo nyepesi.

Angalieni jina la dawa kwenye boksi. Inayotakiwa ni ya sodiamu saksineti. Ya aseteti inafyonzwa taratibu mno, si ya dharura.

Na jamani, msiogope kuchoma. Dozi moja iliyochomwa bila kuhitajika haimdhuru mtoto. Iliyocheleweshwa inaweza kumuua.

Baba_Mlezi

Dada Nesi, ahsante sana. Swali: dalili zipi zinakuja kabla hajazimia? Wengine tunaogopa kuchoma kwa homa tu.

Nesi_wa_Zamu

@Baba_Mlezi, homa peke yake, akiwa anameza na yuko macho, ni ya vidonge. Vinavyokupeleka kwenye sindano ni usingizi usio wa kawaida, mtoto anayeamshwa kwa shida, ngozi iliyopauka yenye jasho la baridi, mikono na miguu ya baridi, maneno yasiyoeleweka, degedege. Ajali kubwa nayo, hata kama anaongea vizuri. Kwa mchanga, tazama kunyonya: anayeachia titi kila mara na kulala, utosi umebonyea, nepi kavu, huyo asisubiri asubuhi.

Kama ana fahamu na anameza, mpe kitu cha sukari wakati mnajiandaa. Asiye na fahamu asiwekewe maji yoyote mdomoni.

Mfamasia_Mstaafu

Niingie kwenye vipimo, kwa sababu makosa mengi yanazaliwa hapo.

Kwa watoto wenye kasoro ya kuzaliwa ya adrenali, haidrokotisoni ya kila siku huwa mg 10 hadi 15 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Mita za mraba zinapatikana hivi: urefu kwa sentimita mara uzito kwa kilo, gawanya kwa 3600, kisha tafuta kipeuo cha pili (namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inatoa jibu hilo). Mtoto wa sentimita 100 na kilo 16 anatoka na karibu 0.67. Daktari akichagua mg 12 kwa mita, ni mg 8 kwa siku: 3 asubuhi, 2.5 mchana, 2.5 usiku. Mtoto anakua, hesabu inapitwa. Mpango wa mwaka jana ukibandikwa ukutani bila kurekebishwa, hata "mara tatu" yake inakuwa ndogo.

Kidonge cha mg 10 kikisagwa na kuwekwa kwenye ml 10 za maji, msidhani kimeyeyuka. Haidrokotisoni haiyeyuki vizuri, inatuama chini. Ukikoroga ukaacha kidogo, juu unavuta maji na chini unabaki na dawa. Koroga, vuta kwa bomba la sindano papo hapo, mpe, kilichobaki mwaga. Usiweke cha jioni.

Dukani wakikosa haidrokotisoni, msikubali kupewa steroidi nyingine (dawa za kundi la kotisoli) kama prednisoloni au deksamethasoni kuwa mbadala wa kudumu bila daktari. Zina nguvu zaidi na zinazuia kimo. Deksamethasoni tena haifanyi kabisa kazi ya kushika chumvi.

Chumvi kwa wachanga wanaoipoteza: kwa kawaida gramu 1 hadi 2 kwa siku, ikigawanywa kwenye maziwa ya siku nzima. Kijiko cha chai kilichosawazishwa kinabeba takribani gramu 6, kwa hiyo kukadiria kwa kijiko ni hatari. Ombeni famasia iwatengenezee ya maji, yenye kipimo kinachojulikana kwa kila ml.

Jambo la mwisho ambalo watu hulisahau: rifampisini ya kifua kikuu, na fenobabitoni, fenitoini na kabamazepini za kifafa, zinafanya ini liichome haidrokotisoni haraka. Mtoto akianzishwa mojawapo, dozi yake ipitiwe upya siku hiyohiyo.

Daktari_wa_Watoto

Mazungumzo mazuri. Nataka kuwataja watoto ambao bado hawajajulikana.

Kwanza, mvulana mchanga. Msichana mwenye kasoro hii ya kuzaliwa mara nyingi anatambuliwa siku ya kwanza kwa sababu maumbile ya nje si ya kawaida. Mvulana anaonekana hana tatizo, anaruhusiwa, halafu kati ya wiki ya kwanza na ya tatu anaanza kutapika, uzito unashuka, anakauka. Anaitwa mgonjwa wa kuhara au wa maambukizi ya damu. Sodiamu ikiwa chini na potasiamu juu kwa mchanga anayetapika, fikirieni adrenali hapohapo, chukueni damu ya vipimo, na msingoje majibu ndipo mtoe haidrokotisoni. Kama familia iliwahi kumpoteza mtoto wa umri huo bila maelezo, ulizeni hilo: kama ilikuwa kasoro hii, kila mimba ya wazazi hao ina nafasi ya 1 kwa 4 ya kupata mtoto mwenye kasoro hiyohiyo.

Pili, mtoto aliyetumia steroidi kwa wiki nyingi kwa ajili ya figo, pumu au ngozi, kisha zikakatwa ghafla. Tezi zake zimelala. Hili linawahusu hata wanaopakwa krimu kali za betamethasoni au klobetasoli mwili mzima. Uso unakuwa wa mviringo, kimo kinasimama, na homa ya kwanza baada ya kuacha inamwangusha.

Tatu, mtoto mkubwa anayekonda, anayechoka, anayelamba chumvi, na ufizi, viganja vyake kwenye mistari na makovu vinazidi kuwa vyeusi kuliko alivyozaliwa. Kwa ngozi nyeusi, kagueni ufizi na mistari ya kiganja. Akiwa pia halii machozi na chakula kinamkwama kooni, mambo hayo matatu ni ya ugonjwa mmoja wa kurithi.

Na kama tezi ya shingo (thairoidi) nayo haitoi homoni ya kutosha, haidrokotisoni itangulie. Levothairoksini, dawa ya tezi hiyo ya shingo, ikianza peke yake inaweza kuanzisha mtikisiko wa adrenali, yaani hali ya hatari ya kukosa kotisoli ghafla.

MamaPacha

Asanteni mno. Baba_Mlezi, kwa hospitali usiyoizoea, hii ndiyo karatasi ya kuweka kwenye mfuko wa sindano, ikae juu kabisa:

"Mtoto huyu hatengenezi kotisoli. Apewe haidrokotisoni kwanza, kabla ya vipimo na kabla ya foleni. Pimeni sukari, sodiamu na potasiamu. Dripu iwe ya chumvi 0.9% pamoja na glukosi. Glukosi 5% tupu itamshusha sodiamu zaidi. Kabla ya upasuaji wowote, hata wa kung'oa jino kwa dawa ya usingizi, aongezewe dozi. Tayari amechomwa mg ___ saa ___."

Mfuko uwe na vichupa 2, maji ya sindano, mabomba 3, pamba ya spiriti. Mwingine kama huo ukae shuleni, na mwalimu wa darasa awe ameshaonyeshwa kwa vitendo. Tarehe za mwisho wa matumizi kagueni kila mwezi.